Nyimbo Zisizo na Karatasi

Tuanze na jambo dogo la msamiati, maana bila hilo mada ya leo itakuchanganya. Noti ni fedha ya karatasi. Nota ni alama ya muziki, ile ambayo mwanakwaya huifuata ili ajue sauti inapanda au inashuka. Mitaani wengi huyatamka maneno haya mawili namna moja, na mwalimu mkali atawasahihisha. Hata hivyo palikuwa na nchi moja ambako nota zilikuwa noti kwelikweli: wimbo ulipigwa chapa, ukatiwa picha nzuri juu ya jalada, ukauzwa dukani pamoja na sabuni na vitambaa, na mnunuzi akaenda nao nyumbani kuupiga kwenye piano ya sebuleni.

Nchi hiyo ni Marekani, na wakati wenyewe ni miongo michache kabla na baada ya mwaka 1900, siku ambazo vituo vya redio havikuwapo na santuri zilikuwa bado anasa. Wachapishaji wa nyimbo walijazana katika mtaa mmoja wa Manhattan, jijini New York, uliopewa jina la utani Tin Pan Alley kwa sababu, husemwa, vinanda vyake vyote vikipigwa kwa pamoja vilisikika kama masufuria yanayogongwa. Mwaka 1892 Charles K. Harris alitoa wimbo "After the Ball", na nakala zake zikauzwa kwa mamilioni. Hebu fikiri: mamilioni ya karatasi, zilizonunuliwa na watu waliotaka kuimba wenyewe.

Leo karatasi hizo ni hazina ya mwanahistoria. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kinahifadhi mkusanyo wa Lester S. Levy wenye vipande karibu 29,000, vya kati ya mwaka 1780 na 1980. Ukizipekua karatasi za aina hiyo unaona maisha ya kila siku yakipita mbele yako. Simu inapoanza kuingia majumbani, mwaka 1901 unatoka wimbo wa mtoto anayemwomba opereta amuunganishe na mbinguni, ili azungumze na mama yake aliyefariki. Gari linapoingia barabarani, mwaka 1905 unatoka wimbo wa kijana anayemchukua mpenzi wake matembezini kwa Oldsmobile. Sheria na hotuba za wabunge hazitakuambia jinsi mtu wa kawaida alivyoipokea simu. Wimbo unakuambia kwamba aliiona kama kitu kilicho karibu na muujiza, kiasi kwamba haikuwa ajabu sana kufikiri inafika hadi kwa wafu.

Zimo pia karatasi za kutia uchungu. Majalada mengi ya enzi hiyo yanawachora Wamarekani weusi kwa sura za kudhalilisha, kana kwamba waliumbwa ili wachekwe. Aliyenunua karatasi kama hiyo hakujiona mwovu. Alijiona mtu anayeburudika na familia yake baada ya chakula cha jioni. Hapo ndipo wimbo unapoizidi hotuba kwa ukweli. Hotuba hutetea jambo, na mtu hutetea lile analojua kuwa lina wapinzani. Wimbo wa sebuleni huonyesha yale ambayo watu waliyaona ya kawaida mno, hata wasidhani yanahitaji kutetewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyimbo mbili za vita. Mwaka 1915 vita vinawaka Ulaya, na Marekani bado haijaingia. Unatoka wimbo "I Didn't Raise My Boy to Be a Soldier", na ndani yake mama anasema hakumlea mwanawe ili awe askari. Watu wanaupenda, wanaununua kwa wingi. Aprili 1917 Marekani inaingia vitani, na mwaka huohuo George M. Cohan anatunga "Over There", wimbo wa kuwaita vijana wachukue bunduki wavuke bahari. Miaka miwili tu imepita. Sebule ni zilezile, piano ni zilezile. Anayeziweka karatasi hizo mbili mezani anaiona nchi ikigeuka, na anaona tena kwamba kabla haijageuka, mama aliyekataa alikuwa na wimbo wake, ukiwa na bei, ukiuzwa bila kificho.

Zishike nyimbo hizo mbili akilini, msomaji, kwa maana sasa tunakwenda West Nile, na tunafika mwaka huohuo wa 1917.

West Nile ni pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ng'ambo ya mto Nile kwa mtu atokaye Kampala. Mji wake mkubwa ni Arua, ulioanzishwa mwaka 1914 kuwa makao ya utawala wa Waingereza. Koboko uko kaskazini ya Arua, karibu na Salia Musala, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Arua lugha kubwa ni Kilugbara; Koboko ni Kikakwa. Usidhani hizi ni lahaja za lugha moja. Ndugu wa Kikakwa ni Kibari cha Sudan Kusini, na Kilugbara kina ukoo wake tofauti kabisa, pamoja na Kimadi. Mlugbara na Mkakwa wakitaka kuuziana mbuzi huhitaji lugha ya tatu, na ndiyo sababu sokoni utasikia Kiswahili, Kilingala, Kinubi na Kiarabu cha Juba ndani ya saa moja.

Eneo hili lilipita katika mikono mingi kama mzigo wa forodhani. Lilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikawekwa chini ya Sudan ya Waingereza. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikakabidhiwa Uganda. Mtoto aliyezaliwa Koboko mwaka 1905, akakaa palepale bila kuhama hata hatua moja, alitawaliwa na serikali tatu kabla hajatimiza miaka kumi. Kila serikali ilikuja na bunduki, na ya mwisho ilikuja pia na kodi.

Katika mazingira hayo alitokea Rembe, nabii wa Kikakwa, aliyegawa maji yaliyojulikana kwa jina la Yakan. Walioyanywa waliamini kwamba risasi zingegeuka maji, kwamba wafu na ng'ombe waliokufa wangerudi, na kwamba kodi isingelipwa tena. Mwanafunzi wa historia ya Tanganyika atakumbuka mara moja vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Rembe alikamatwa, akauawa Yei, upande wa Sudan, mwaka 1917. Mauaji hayo hayakulizima jambo lenyewe, kwani mwaka 1919 machafuko yalizuka katika nchi ya Walugbara na yakazimwa kwa silaha.

Sasa linganisha. Mwaka uleule ambao "Over There" inapigwa chapa New York, nabii anauawa Yei. Mama wa Kimarekani asiyetaka mwanawe awe askari ana wimbo wenye jalada, jina la mtunzi na mwaka. Mama wa Kilugbara ambaye nyumba yake inadaiwa kodi ana nini? Habari za Yakan tunazipata kwa maofisa waliokuwa upande wa pili wa bunduki, na kwa mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kwa Walugbara kuanzia mwaka 1949, miaka thelathini baada ya tukio. Yale yaliyoimbwa watu walipokusanyika kuyanywa maji hayo hayakuuzwa katika duka lolote. Kwa hiyo mtu mvivu husema watu hawa waliasi kwa ushirikina, akafunga kitabu. Rudi kwenye orodha ya matumaini yao: kutokufa kwa risasi, kupata ng'ombe, kutolipa kodi. Hiyo si orodha ya wendawazimu. Ni bajeti ya kaya.

Wimbo mmoja wa askari wa zama za ukoloni umedumu, tena ni wa Kiswahili. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki kuwa King's African Rifles. Waafrika walizichukua herufi za mwanzo, K, A na R, wakazitamka Keya, na Kiswahili cha kambini kikaitwa Kikeya. Kilikuwa Kiswahili kifupi, chenye amri nyingi na ngeli chache, na mwalimu wako wa sarufi angekisikia angeshika kichwa. Lakini kiliwawezesha Mkakwa, Mwacholi na Mkamba kuchimba handaki moja. West Nile iligeuzwa kuwa kisima cha kuteka askari. Wakoloni walipenda kusema kwamba watu wa kaskazini ni wapiganaji kwa kuzaliwa, na mimi nauona usemi huo kuwa ulikuwa na faida kubwa kwa msemaji: serikali inayoamini kwamba kijana amezaliwa na bunduki haioni haraka ya kumjengea shule.

Wimbo wenyewe ni "Funga Safari", wimbo wa kutembea kwa mwendo wa kijeshi ambao bado unajulikana katika Afrika Mashariki. Tazama kwanza nahau. Kufunga safari ni kuondoka kwenda mbali, na picha iliyomo ni ya mizigo inayokazwa kamba alfajiri. Sasa tazama maudhui. Wimbo huuliza safari hii imeamriwa na nani, na hujibu kwamba ni amri ya kapteni, amri ya Keya. Basi. Hausemi safari inaelekea wapi. Hausemi adui ni nani, mshahara ni kiasi gani, wala nani atalima shamba la msafiri mpaka arudi. Ni swali lililotiwa jibu mdomoni kabla halijaulizwa.

Ukiusoma kama hati ya historia, ukimya huo una maana kubwa. Karatasi za Marekani za 1915 na 1917 zinabishana: mmoja anasema nisiende, mwingine anasema twende. "Funga Safari" haubishani na mtu, kwa sababu aliyekuwa akiuimba hakuwa raia wa kuombwa ridhaa. Alikuwa mtawaliwa wa kupewa amri. Hata hivyo, kaa nao kidogo zaidi. Askari anayeuliza kwa sauti kubwa, hatua baada ya hatua, kwamba ni nani hasa aliyemtoa kwao, huenda amefanya jambo ambalo ofisa wake hakulisikia vizuri. Siwezi kukuthibitishia hilo. Nakuomba ulisikilize tu utakapousikia tena, ukiimbwa na watoto wa shule au na watu waliokaa ndani ya basi.

Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya watu 70,000 kutoka Uganda waliingia jeshini, na wanajeshi wa Afrika Mashariki walifika hadi Burma. Vita vya kwanza vilikuwa vimekwisha kutuachia neno Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wapagazi lililolainishwa kwa ulimi wa Kiswahili, na vilikuwa vimeieneza ngoma ya beni, yenye tarumbeta, gwaride la mchezo na nyimbo za Kiswahili za kuwakejeli wakubwa. Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Ukitaka kujua jinsi ngoma inavyoweza kuwa bunge la wasio na bunge, anzia hapo.

Si kila kijana alikwenda Keya. Wengi walikwenda kwenye miwa. Mashamba ya sukari ya Lugazi yalianza mwaka 1924, kiwanda cha Kakira karibu na Jinja mwaka 1930, na vibarua wa West Nile wakawa miongoni mwa mikono iliyoyalima. Fuata njia yao kwenye ramani. Msafiri aliteremka kutoka Arua hadi kwenye mto, Rhino Camp au Pakwach. Akapanda meli hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Akapandishwa mlima kwa lori hadi Masindi, akashuka upande wa pili hadi Masindi Port, akasafiri kwa meli nyingine kupitia Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na hapo akapanda treni ya kwenda Jinja. Asiye na nauli alitembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, na njia ile ikafa pamoja na vituo vyake.

Kwa nini walikwenda? Kodi ni jibu la kwanza, na mahari ni jibu la pili. Hapa nakupa wimbo ambao bila shaka umeshauimba darasani, kwa sababu kila mwanafunzi wa Kiswahili huuimba: "Malaika", uliotiwa umaarufu na Fadhili William wa Kenya na baadaye na Miriam Makeba. Wageni huuchukua kama wimbo wa mapenzi matamu. Usikilize tena. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, na kinachomzuia ni kukosa mali. Huo ni wimbo wa uchumi. Ulitoka Kenya, lakini kijana wa Arua aliyekuwa akikata miwa Kakira angeuelewa bila kufafanuliwa, kwa maana ni hesabu aliyoipiga kila mwisho wa mwezi. Na kuna jambo jingine: mpaka leo watu hubishana ni nani aliyeutunga. Hakuna karatasi ya kwanza, yenye jina na tarehe, iliyoweza kuumaliza ubishi huo.

Je, West Nile haikuwa na karatasi za muziki kabisa? Zilikuwapo, tena mapema. Africa Inland Mission ilianza kazi Arua mwaka 1918, na wamisionari Wakatoliki wa Comboni nao walikuwa wakiingia eneo hilo miaka hiyohiyo. Katika Afrika Mashariki makanisa na shule yalitumia sana solfa, mfumo unaoandika sauti kwa herufi badala ya vichwa vya nota, uliosambazwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen. Ni mfumo wa watu wasio na piano: herufi chache ubaoni, fimbo ya mwalimu, na kwaya inaimba sauti nne. Kwa njia hiyo tenzi za Ulaya zilipata lugha za hapa. Lakini angalia kilichochaguliwa kuandikwa. Kilichohusu mbingu kiliandikwa. Kilichohusu kodi, miwa na mahari kiliachiwa vinywa.

Ala zenyewe zilikuwa na safari yao. Ala mashuhuri ya West Nile ni adungu, mti uliopindwa kama upinde, wenye sanduku la ngozi na nyuzi kadhaa. Waalur wanaijua, Walugbara wanaijua. Kamusi itakuambia kwamba ala ya namna hii kwa Kiswahili ni kinubi, na hapo mwanafunzi awe macho, kwa sababu Kinubi kwa herufi kubwa ni lugha. Ni lugha ya Wanubi, wazawa wa askari wa Emin Pasha walioachwa katika nchi hizi baada ya vita vya Mahdi huko Sudan. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao wawe jeshi lake. Arua na Koboko zina familia za Kinubi mpaka leo, na Wanubi popote walipo wana ngoma yao ya doluka, ambayo utaikuta zaidi harusini, mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo unaweza kusema, bila kosa la sarufi, kwamba mtu anaimba Kinubi pasipo kinubi. Adungu nayo, iliyokuwa ala ya nje ya kanisa, iliingia madhabahuni Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa muziki wa wenyeji katika miaka ya 1960. Siku hizi hupigwa kwa makundi, kubwa kwa ndogo.

Kisha ikaja redio, na pamoja nayo Kongo. Mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru, wakarekodi "Indépendance Cha Cha", unaotaja viongozi na vyama kwa majina. Ni gazeti la siku ile lililowekewa gitaa. Wimbo wa Kilingala haukuwa wa kigeni sana Arua, mji ambao mpaka wa Kongo uko jirani nao na ambao nguo zake, vyakula vyake na ndoa zake huvuka mpaka huo kila siku. Lakini mpaka uleule ulileta pia wakimbizi wa vita vya Kongo vya miaka ya 1960, na ule wa kaskazini ukaleta wa Sudan.

Mambo ya Idi Amin yameandikwa vya kutosha na wengine, nami nitayapitia haraka. Alitwaa madaraka Januari 1971, na watu wengi wa nje hulijua jina la Koboko kwa sababu yake tu, jambo ambalo si haki kwa Koboko. Kwa mada yetu yatosha mawili. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Na katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 utamwona akipiga akodioni, na utasoma kwamba muziki wa filamu hiyo ni wake. Dikteta naye anajua kwamba wimbo hufika mahali ambapo amri haifiki. Matokeo yake kwa lugha yetu yalikuwa mabaya. Kwa raia wengi wa kusini mwa Uganda Kiswahili kilibaki na sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na walioteseka chini ya sauti hiyo wana haki ya kukumbuka. Huko Arua na Koboko lugha hiyohiyo ilikuwa pia ya muuza samaki, ya fundi baiskeli, ya ndoa za mchanganyiko. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala huo bado unaendelea, na ukimsikia Mganda wa kusini akiusitia, usimcheke. Muulize mzazi wake alikisikia Kiswahili mara ya kwanza wapi.

Amin alianguka Aprili 1979, na gharama ikalipwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuonja utawala wake. Kuanzia mwaka huo, na zaidi tangu vita vya Oktoba 1980, watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa wingi. Mnamo tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Kambi za Sudan, katika wilaya ya Yei, zilielezwa na Barbara Harrell-Bond katika kitabu chake cha mwaka 1986: mgao wa chakula, mashamba mapya, maziko. Ni kitabu muhimu. Lakini kitabu cha misaada huhesabu magunia. Mama aliyekaa miaka sita chini ya mti usio wake alikuwa na maneno mengine ya kumbembeleza mtoto, na watoto waliorudi baada ya 1986 walirudi wakiimba kwa Kiarabu cha Juba na Kibangala nyimbo ambazo bibi zao hawakuzijua.

Hapo ndipo penye haraka, msomaji. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati wa kukimbia amekwisha kuvuka sitini. Aliyekwenda Kakira kwa njia ya Butiaba ni mzee sana, kama yupo. Kuna kazi iliyokwisha kufanywa: Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi akirekodi muziki mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kanda zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Lakini Wachsmann alifanya kazi yake kabla ya Ombaci, kabla ya kambi za Yei. Miaka hiyo haimo katika kanda zake.

Wewe unayejifunza Kiswahili una nafasi ambayo profesa hana: watu wanafurahi kumfundisha mwanafunzi. Ukifika kwa mzee wa Arua au Koboko, msalimu kwa shikamoo kama anaipokea, kaa, na umwombe wimbo mmoja aliouimba alipokuwa mbali na kwao. Usianze na vita. Anza na kazi, chakula, nauli, mchumba. Andika jina lake ikiwa anakubali, mahali alipoujifunza, na mwaka, hata kama mwaka huo ni "kabla ya daraja" au "ile njaa". Muulize nani alikatazwa kuuimba. Swali hilo moja hufungua mlango kuliko mengine kumi.

Nyimbo zenyewe bado zinauzwa. Mjini Arua, kama katika miji mingi ya Uganda, utamkuta kijana na kompyuta yake chini ya mwavuli, anayejaza nyimbo kwenye simu na kadi za kumbukumbu kwa shilingi chache: za Kilingala, za Kilugbara, za Kiarabu cha Juba, za kwaya zenye adungu, za vijana wa kambi za wakimbizi za sasa. Biashara yake haiko mbali na ile ya Tin Pan Alley. Tofauti iko kwenye jalada, kwa maana wimbo wake hauna. Tazama kioo cha simu wimbo unapoanza: mara nyingi mahali pa jina la mtunzi pamo nambari tu, na mahali pa mwaka hapana kitu. Kadi ikijaa, mteja hufuta za zamani ili kupata nafasi.